Historia ya Mdogo Wangu, Mliyemwita Bwana Kesho

Ndugu wafiwa, majirani, watumishi wa halmashauri ya mji mlioko kazini na mliostaafu, nanyi nyote mliofika, mimi ni kaka wa marehemu, mkubwa wake kwa miaka mitano na mwezi mmoja, nilistaafu nikiwa karani mkuu wa masjala katika halmashauri hiyo hiyo aliyoitumikia yeye, na nimesimama hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza kwamba historia yake niisome mimi. Shemeji yangu, mjane wa marehemu, aliniletea juzi karatasi tatu alizoandika kwa msaada wa watoto, zina tarehe zote isipokuwa za mwaka mmoja, mwaka 1996, ambao aliuachia nafasi tupu ya nusu ukurasa, akaniambia, "Shemeji, hapo utajaza wewe, na lile jina asizikwe nalo." Jina analolisema mnalijua, maana hata asubuhi hii pale getini nimemsikia mtu akiuliza kama hapa ndipo kwenye msiba wa Bwana Kesho. Mimi nilifundishwa tangu utoto kwamba jina la mtu huandikwa sawasawa au haliandikwi kabisa, kwa hiyo nitasoma mambo kwa utaratibu wake, na tukifika kwenye jina hilo nitaeleza lilitoka wapi na ni la nani.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 4 Septemba 1942, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yetu alikuwa fundi wa boila, na alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wetu. Hadi siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikilala upande wa ukutani, ubavuni mwa mama, na siku hiyo nilihamishiwa mkeka wa chumba cha mbele, na mama alipenda kusimulia kwamba nilipoonyeshwa mtoto niliuliza atarudishwa lini. Watu walicheka kila aliposimulia, nami nilicheka pamoja nao, lakini swali lenyewe nililiuliza kwa dhati.

Kuhusu elimu, mimi nilisoma shule ya serikali ya wakati wa wakoloni kwa miaka minane, ambako tone moja la wino kwenye daftari lilikuwa rula moja kwenye vidole, nikatoka nikiwa na mwandiko mzuri na woga wa makosa, na mwaka 1955 nikaajiriwa karani mdogo. Marehemu alianza shule Januari 1950, akamaliza darasa la nane mwaka 1957 akiwa wa kwanza, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1961, mlango ambao kwangu ulifungwa kwa sababu wakati wangu nafasi zilikuwa nne tu, kisha Agosti 1964 akapata ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea mipango ya miji na njia za maji, akarejea Septemba 1966 na cheti kilichowekwa kwenye kioo. Baba alimnunulia sanduku la bati lenye kufuli mbili, mimi nilipoanza kazi nilipewa kalamu, na sanduku hilo nililibeba mimi hadi stesheni, nikiwa mbele, yeye na wazazi wakiwa nyuma wakizungumza. Barua zake zilikuja kila mwezi, zikiwaamkia baba na mama kwa majina yao yote, na mwishoni zilikuwa na mstari mmoja wa kumsalimu kaka.

Tarehe 1 Novemba 1966 aliajiriwa na halmashauri ya mji kuwa ofisa mipango msaidizi, akapewa chumba cha ghorofa ya pili chenye madirisha mawili yanayotazama mto, wakati masjala yangu ilikuwa chini kabisa, karibu na choo cha watumishi, ambako taa huwashwa saa nne asubuhi na jua likiwaka nje. Kazi yake ilikuwa kupanga viwanja, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maji, mvua ikianza wengine walifunga madirisha, yeye alichukua fimbo ya kupimia na kopo la rangi ya buluu akashuka mtaa wa bondeni, akipiga alama kwenye ukuta wa kila nyumba mahali maji yalipofika, na tarehe chini yake. Wanawake wa bombani walikuwa wakimtania, "Wewe, ukuta wangu nimeupaka juzi, hiyo buluu utakuja kuifuta?" naye akajibu kwamba ataifuta siku mto utakapoahidi kutorudi. Wakamwita Bwana Mvua, na hilo ndilo jina lake la kwanza mjini, jina alilolipata kwa haki, na naomba mlishike.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Juni 1970 na mkunga wa zahanati ya mjini, huyu shemeji yangu mnayemwona hapa, mimi nikiwa msimamizi wake, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa mwaka 1971 ambaye ni mwalimu, wa pili wa kiume aliyezaliwa mwaka 1974 ambaye ni fundi magari, na wa tatu binti aliyezaliwa mwaka 1979 ambaye amesafiri siku mbili kuja kuzika, na kutoka kwao ameacha wajukuu saba. Mimi nilijaliwa mmoja, na ameshindwa kufika. Nimevihesabu viti hivi wakati vinapangwa, ni mia tatu na arobaini, na bado kuna watu wamesimama kando ya ukuta, na sina hakika kama siku yangu itajaza hata mistari mitatu ya mbele, jambo ambalo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila hilo hamtanielewa ninapoendelea.

Mwaka 1990 ofisi ya taifa ya maafa ilitoa kanuni kwamba mji wowote utakaotaka msaada wa kujenga upya baada ya mafuriko, moto au maporomoko, lazima uwe na mpango wa kupunguza athari za maafa, unaoonyesha ni hatari gani zipo, nani atazipata na mji utafanya nini mapema, mpango ambao wananchi wameshirikishwa, baraza la madiwani limeupitisha, na unapitishwa upya kila baada ya miaka mitano. Dereva wa halmashauri alimwomba marehemu amweleze hilo kwa lugha ya watu, wakiwa kwenye chai ya saa nne, naye akamwambia, "Mahema na mablanketi watakupa hata kama huna mpango, lakini daraja hawakupi." Dereva akasema, "Kwa hiyo wanataka tuwaambie tutaumia wapi kabla hatujaumia?" na marehemu akajibu, "Hivyo hivyo, na tuseme kwa maandishi." Mpango wa mji wetu aliuandika yeye, kutokana na zile alama za buluu, ukapitishwa tarehe 15 Machi 1991, wa kwanza katika miji yote ya kanda, wageni wakaja kutoka makao makuu kuutazama, na picha yao pamoja naye ikatundikwa kwenye ngazi za halmashauri. Katika picha hiyo, pembeni, linaonekana bega langu la kushoto, na bega hilo nililipita kila siku ya kazi, nikipanda na kushuka, kwa miaka mitano.

Sasa naingia kwenye ile nusu ukurasa. Mpango ule ulikuwa na uhai hadi Alhamisi tarehe 14 Machi 1996, na marehemu, mtu mnayemwita wa kesho, alimaliza kuuandika upya mapema na kuuleta masjala kwa mkono wake Jumatatu tarehe 19 Februari, ili uingizwe kwenye ajenda ya baraza lililokaa Ijumaa tarehe 8 Machi. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amekuja mkurugenzi mpya, akatembezwa ofisi kwa ofisi, alipofika masjala mtu wa utumishi hakutaja cheo changu wala miaka yangu arobaini na mmoja, alisema tu, "Huyu ni kaka yake Bwana Mvua," na mkurugenzi akanitazama juu hadi chini, akacheka, akasema, "Mbona hamfanani?" Nilicheka na mimi. Nilikuwa nimecheka tangu mwaka 1942, na siku ile nilichoka.

Kulikuwa na kanuni ya zamani ya masjala, aliyotufundisha mzungu aliyekuwa karani mkuu kabla ya uhuru, kwamba hati yoyote inayokwenda barazani kila karatasi yake iandikwe namba kwa mkono, kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia, ili karatasi isichomolewe. Kanuni hiyo haikuwahi kufutwa, lakini tangu mzungu yule aondoke hakuna aliyeifuata, na wiki ile ile nilipokea jalada la mhandisi na jalada la mganga mkuu, yote mawili hayana hata namba moja nyekundu, nikayapitisha. Jalada la mdogo wangu nilikaa nalo siku kumi na moja bila kulifungua, na Ijumaa tarehe 1 Machi nikalirudisha kwa hati ya masjala yenye saini yangu, sababu, kurasa hazina namba.

Alishuka mwenyewe, akaisoma ile hati, akavuta benchi mbele ya meza yangu, akaomba wino mwekundu, nikampa. Kurasa zilikuwa mia tatu tisini na tano, akaziandika Ijumaa ile na Jumamosi, akipiga mluzi, mara moja tu akinyanyua kichwa kusema, "Kaka, mzungu wako alikuwa na kazi." Nyuma ya jalada zilikuwemo ramani kumi na saba, nilizijua, nilimwona akizipita bila kuziandika kwa sababu aliamini ramani si kurasa, na nikanyamaza. Jumatatu asubuhi alileta, na Jumatatu jioni, dakika kumi kabla ya kufunga ofisi, nikamrudishia kwa hati ya pili, sababu, ramani hazina namba. Akaniuliza, "Ramani nazo? Mbona juzi hukuniambia?" Nikamwambia, "Hukuuliza."

Ajenda ilifungwa Jumanne tarehe 5 Machi saa sita mchana. Ramani zile zilichorwa kwenye karatasi laini ya wachoraji, ambayo hainywi wino, na kila namba ilimbidi aipulizie na kuisubiri ikauke kabla ya kukunja ramani nyingine juu yake, la sivyo wino ungechafua mto na nyumba za watu. Alifika mezani kwangu saa nane kamili, saa mbili baada ya muda, vidole vyekundu hadi kwenye kiungo cha kwanza, akaweka jalada mbele yangu kama mtu anavyoweka mtoto aliyelala, nami nikamwambia ajenda imefungwa. Akasema, "Kaka, mpango unakufa wiki ijayo." Nikasema kanuni ni kanuni. Akasema, "Haya, kaka," akapanda ngazi. Aliomba kikao cha dharura, mwenyekiti alikuwa nje ya nchi hadi tarehe 22, kikao cha kawaida kilichofuata kilikuwa tarehe 12 Aprili, na hivyo tarehe 14 Machi mpango ukafa, na mji ukawa hauna sifa ya kupewa msaada wa kujenga upya.

Mto ulivunja kingo Jumatatu tarehe 25 Machi, saa tisa alasiri. Hakufa mtu, na sababu ni kwamba tangu saa sita mchana marehemu alikuwa juu ya gari la halmashauri na kipaza sauti, akiwaambia watu wa bondeni watazame alama ya buluu ya juu kabisa kwenye ukuta wao na watoke kabla maji hayajaikaribia, nao wakatoka. Zilikwenda nyumba mia moja sitini na tatu, shule ya vyumba sita na daraja la waendao kwa miguu. Mahema yalikuja baada ya siku mbili, kama alivyomwambia dereva, na tarehe 6 Mei ikaja barua kwamba ombi la kujenga daraja, shule na nyumba halikubaliki, kwa kuwa siku ya maafa mji haukuwa na mpango ulio hai. Barua hiyo ilipita masjala, niliigonga muhuri wa kupokelewa, nikaiandika namba kwa wino mwekundu.

Mji ulitaka mtu wa kulaumiwa, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba ofisa mipango alichelewesha. Hapo ndipo lilipozaliwa jina. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiishi hemani alimsimamisha njiani mbele ya watu, akamwambia, "Bwana Mvua, maji yamekuja leo, mpango wako ulikuwa uje lini, kesho?" Watu wakaangua kicheko, na kuanzia siku hiyo ikawa Bwana Kesho, dukani, sokoni, hata shuleni ambako binti yake aliyekuwa ameanza kufundisha aliitwa na wanafunzi mwalimu wa kesho kutwa. Marehemu alilipokea jina kama alivyopokea kila kitu, akinunua mkate alimwambia mwenye duka, "Nipe wa leo, wa kesho ninao nyumbani," na watu walimpenda zaidi kwa kujicheka, nami, naomba mniwie radhi, hata hilo nilimwonea wivu, kwa sababu nilikuwa nimempa aibu na yeye akaigeuza kuwa mzaha.

Tarehe 17 Julai 1996 aliitwa mbele ya kamati ya watu watatu, na mwandishi wa kumbukumbu za kamati hiyo nilikuwa mimi. Walimuuliza kwa nini hati haikufika kwa wakati. Alikuwa amevaa shati jeupe la mfuko mmoja, na mfukoni mlikuwa na kitu kilichokunjwa, akaweka mkono wake juu ya mfuko huo, akanitazama, nami nikainamisha kichwa kama anayesubiri kuandika. Akasema, "Kazi ilikuwa yangu, na haikufika." Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kuongeza, akasema hana. Nikaandika maneno hayo kwa mwandiko wangu mzuri, bila tone la wino. Walimwondoa kwenye mipango wakampeleka kitengo cha vibali vya mabango ya maduka, chumba kilichotazama ukuta, akakaa huko hadi alipostaafu tarehe 4 Septemba 2002, na mimi nilikwisha kustaafu mwaka 1997 kwa sherehe na saa ya ukutani.

Mpango wake ulipitishwa tarehe 12 Aprili 1996 bila kubadilishwa neno, ukahuishwa mwaka 2001 na mwaka 2006 na maofisa waliomfuata, na mafuriko yaliporudi Desemba 2007 mji ulikuwa na sifa zote, fedha zikatoka ndani ya miezi minne, na daraja la zege ambalo leo asubuhi tumelivuka na jeneza lilifunguliwa mwaka 2009. Bamba la darajani lina jina la mwenyekiti na la mkandarasi, la kwake halipo. Ofisa mipango wa sasa, kijana mwenye adabu, alinionyesha mwezi uliopita nakala ya ramani zile, bado zina namba nyekundu za marehemu kwenye kona, akaniambia kwamba ofisini wanaziandika hivyo kila baada ya miaka mitano kwa sababu wanadhani ni agizo la taifa.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2014, akatibiwa hospitali ya mkoa kwa miaka mitatu akienda na kurudi, na tarehe 29 Januari 2018 alilazwa kwa mara ya mwisho. Nilikwenda kumwona tarehe 10 Februari, akaniambia, "Kaka, historia yangu utaisoma wewe." Nikamuuliza kwa nini mimi, wakati mwalimu, binti yake, anasoma vizuri kuliko mimi. Akasema, "Wewe ndiye unayezijua tarehe," akageukia ukutani kulala. Alifariki Jumanne tarehe 13 Februari 2018, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Juzi, pamoja na karatasi zile tatu, shemeji alinipa bahasha iliyokuwa kwenye droo yake, ndani mna hati mbili za masjala, moja ya tarehe 1 Machi na nyingine ya tarehe 4 Machi 1996, zote zina saini yangu, zimekunjwa mara nne kwa ukubwa wa mfuko wa shati. Angeweza kuzitoa siku ile mbele ya kamati, au siku yoyote kwa miaka ishirini na miwili, na mji mzima ungejua. Nimejaribu tangu juzi kuona kama mimi ningeweza kunyamaza hivyo, na nimeona nisingeweza, kwa hiyo hata katika hili amenipita, na bado linaniuma.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, hasa muuguzi wa zamu ya mchana aliyemnyoa ndevu hadi siku ya mwisho, inawashukuru majirani waliokuja na viti kabla ya kuombwa, watumishi wa halmashauri, yule dereva aliyestaafu ambaye ameendesha gari la mwili leo, na watu wa mtaa wa bondeni, ambao wakati wangu wa kuwaomba radhi umechelewa sana, na bado naiomba. Hati zile mbili zipo hapa mkononi mwangu, anayetaka kuziona aje azione. Marehemu anazikwa kwa jina lake la Bwana Mvua. Bwana Kesho ni mimi, na mkinikuta njiani niiteni hivyo, nitaitika.

Mdogo wangu, jalada lako limetimia, hakuna karatasi inayodaiwa. Nenda ukapumzike kwa amani, safari hii sikuzuii.